Kuchanja na Kuchinja

Mjomba wetu alikuwa fundi wa mawe huko Thika, na hadi siku tuliyomzika aliamini kwamba dunia ni tambarare. Hakuliamini jambo hilo kwa kunong'ona. Alilisema nje ya kanisa, alilisema kwenye foleni ya posho, na alilisema mbele ya walimu. Ushahidi wake ulikuwa pimamaji, kile kipande cha mbao chenye kichupa cha maji na povu ndani yake, ambacho fundi hukilaza juu ya jiwe ili aone kama limekaa sawa.

"Nimejenga Thika na nimejenga Ruiru," alikuwa akisema. "Nyumba za Wazungu, maduka ya Wahindi, hata choo cha padri. Kila mahali povu linakaa katikati. Dunia ingekuwa kama chungwa, povu lingekimbia upande."

Katika jamaa yetu hakuna aliyeweza kumjibu. Mimi niliacha shule katika darasa la tatu, na huko tulikuwa tumefika kwenye kugawanya tu. Aliyejaribu ni dada yangu anayenifuata, ambaye wakati huo alikuwa darasa la nne.

Hapa ni lazima nieleze jinsi watu hawa wawili walivyoitana, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Kwetu Wakikuyu, kaka wa mama huitwa mama. Mama mzazi huitwa maitu. Sasa dada yangu, kwa kuwa ni binti wa pili, alipewa jina la nyanya yetu aliyemzaa maitu, na kwa desturi yetu anayerithi jina hurithi na heshima ya mwenyewe. Kwa hiyo mjomba, aliyekuwa mtu mzima mwenye ndevu, alimwita msichana huyo maitu, yaani mama yake mzazi, na msichana naye alimwita mjomba mama. Wafanyakazi wenzetu waliotoka sehemu nyingine walikuwa wakitusikiliza Jumapili na kucheka mpaka wanashika mbavu.

"Mama," dada yangu alimwambia Jumapili moja, "mwalimu amesema dunia ni mviringo."

"Mwalimu ameizunguka?"

"Hajaizunguka. Lakini alituonyesha kwa chungwa."

"Na alipomaliza kuwaonyesha, chungwa alilifanya nini?"

"Alilila."

"Basi, maitu, siku hiyo mlifundishwa vile chungwa huliwa."

Wanaume waliokuwa wameketi kwenye kizingiti cha jirani walicheka sana. Dada yangu alikunja uso, lakini hakulia. Hakuwa mtoto wa kulia. Alikwenda akachukua pimamaji kwenye mfuko wa mjomba, akailaza juu ya ardhi, akapiga magoti, akaitazama kwa muda mrefu. Nilimtazama nikasema moyoni kwamba huyu, lolote litakalotokea, hatachuma kahawa.

Niseme tulikuwa wapi. Tuliishi katika shamba moja kubwa la kahawa nje ya Ruiru, upande wa kuelekea Gatongora, katika zile safu za vyumba vya wafanyakazi tulizoziita laini. Baba alikuwa amefariki kwanza, kisha maitu akamfuata, na chumba kikaachiwa mimi kwa sababu nilikuwa tayari na kadi ya kibarua. Chini yangu kulikuwa na dada huyo na wavulana wawili wadogo. Mzungu wa shamba hakujali ni nani analala chumbani mradi kuna mikono ya kuchuma. Nilikuwa bado msichana, lakini nyapara aliniita mama fulani kama wanawake wengine, nami niliitika.

Watu walinihurumia, na huruma yao niliikubali ilipokuja na viazi. Lakini sikujihurumia. Nilikuwa nimejipa kazi moja, nayo ni kwamba dada yangu afanye mtihani wa darasa la nne. Mtihani huo ndio uliokuwa chujio. Waliopita waliendelea hadi darasa la tano huko Thika, na walioshindwa walirudi nyumbani, na wasichana hata waliopita mara nyingi walirudi nyumbani. Kila asubuhi nilipojifunga kikapu kiunoni na umande wa mibuni ukaniloanisha mpaka kwapani, nilijua ninafanya hivyo kwa ajili ya nini. Mtu anayejua hilo hachoki kama wengine.

Mjomba naye alitupenda. Wakati huo wa Hali ya Hatari mtu hakutembea ovyo kutoka Thika hadi Ruiru. Ilibidi awe na ruhusa, na askari angeweza kumrudisha njiani akitaka. Lakini Jumapili nyingi tulimwona akija kutoka kituo cha reli na mfuko wake wa zana begani, maana zana hakuziacha popote. Alituletea chumvi na sukari guru. Alikagua mlango, akatengeneza kitanda, akawanyoa wavulana. Kisha aliketi nje, na watu wakakusanyika, kwa sababu mjomba alijua mambo.

Alijua kwamba dunia ni tambarare. Alijua kwamba ndege zile zilizopita juu wakati wa vita vya msituni zilikuwa zikinyunyiza usingizi. Alijua kuhusu gari jekundu la Nairobi, ambalo huzunguka jioni likikamata watu wa kutolewa damu, na kwamba rafiki wa rafiki yake alitoroka kwa kuuma mkono wa dereva. Nilisikiliza kama wengine. Sitasema kwamba nilikuwa mwerevu kuliko wao. Gari jekundu nililiogopa.

Nimefikiri sana tangu hapo kwa nini mtu mwenye akili kama yake, ambaye angekadiria uzito wa jiwe kwa macho asikosee, aliamini mambo hayo. Wengi husema ni ujinga. Lakini mjinga haulizi, na mjomba aliuliza kila kitu. Jumapili ile ya chungwa, baada ya kicheko kuisha, aliwaambia wanaume wale jambo ambalo sijalisahau.

"Mnacheka, lakini fikirini. Kitu cha mviringo kina kona?"

"Hakina," mmoja alijibu.

"Kisicho na kona kina mpaka?"

Hakungoja wajibu.

"Shamba la baba yangu lilikuwa na kona nne, na kila kona ilikuwa na ua la mpaka lililopandwa na babu yake. Wakaja watu na minyororo ya kupimia, wakasema hapa hapana mpaka. Na mtu wa aina ileile ndiye leo anamwambia mtoto wangu kwamba dunia yote haina kona. Mimi nimwamini? Akinidanganya kuhusu shamba ambalo nimelilima, atanieleza ukweli kuhusu dunia ambayo sijaiona?"

Hakuna aliyecheka. Nami, ingawa nilitaka sana dada yangu ashinde, sikuona kosa katika hesabu hiyo. Jibu lilikuwa baya lakini swali lilikuwa zuri. Mtu akishadanganywa katika jambo kubwa, na aliyemdanganya hajawahi kuja kusema samahani, huyo hana tena mahali pa kuanzia kuamini. Anashika kilicho mkononi mwake. Mjomba alishika pimamaji.

Basi hapo ndipo gari la kipaza sauti lilipokuja.

Lilikuja katikati ya wiki, tukiwa kwenye mibuni. Lilipita polepole kwenye barabara ya shamba, na ndani yake kulikuwa na mtu aliyezungumza Kiswahili cha pwani, kitamu na cha haraka, na kile kipaza sauti kilikuwa kinakwaruza. Alikuwa akitangaza kwamba kuna ugonjwa wa ndui, na kwamba Alhamisi ya wiki ijayo watoto wote watachanjwa shuleni.

Hicho ndicho alichosema. Tulichosikia ni kwamba Alhamisi ya wiki ijayo watoto wote watachinjwa shuleni.

Msomaji wa leo anaweza kudhani natia chumvi. Lakini Kiswahili chetu kilikuwa kile cha kazini: chuma, beba, lete, ngoja. Kuchinja tulikujua, kwa sababu kila Krismasi shamba lilichinja ng'ombe na kila mtu alipata kipande. Neno kuchanja, kwa maana ya dawa, hatukuwahi kulisikia. Sikio likipewa neno lisilolijua huchukua lililo karibu. Na sikio letu lilikuwa limeandaliwa tayari na gari jekundu.

Kisha vikapu vilianza kuanguka. Wanawake waliziacha safu zao, kahawa nyekundu ikamwagika chini, nao wakakimbilia laini kutafuta watoto. Nyapara alipiga filimbi kama mtu anayepigia mvua ili ikome. Mimi pia nilikimbia. Nilifika nikawakuta wavulana wetu, ambao darasa lao lilitoka mapema, wakicheza na mpira wa majani ya mgomba, nikawashika wote wawili kwa shingo za mashati, nikasimama nao hapo nikihema bila kujua niwapeleke wapi.

Aliyenieleza ni dada yangu, aliporudi kutoka shule. Alikuta kila mlango umefungwa mchana kweupe. Nilimfungulia, naye akasema kwa utulivu, "Si kuchinja. Ni kuchanja. Mwalimu ameandika ubaoni. Wanakukwaruza mkono kidogo, wanatia dawa, halafu ndui haikushiki."

Nilimwamini palepale, na nasema hili kwa fahari. Sikumwamini kwa sababu nilielewa dawa. Nilimwamini kwa sababu nilikuwa nimemlea mwenyewe na nilijua sura yake anapodanganya. Nilitoka nje nikawaita majirani.

"Tumesikia vibaya," niliwaambia. "Si kuchinja. Walisema kuchanja."

Bibi mmoja mzee tuliyechuma naye safu moja, aliyewahi kupikia Waswahili huko Nairobi, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, kuchanja nakujua. Kuchanja ni kupasua kuni kwa shoka."

Mama mmoja nyuma yake akasema, "Basi afadhali kuchinjwa."

Walicheka, kicheko kile cha watu wenye hofu, kisha wakaenda kufunga milango yao tena. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba neno sahihi pekee halitoshi. Nilikuwa nimewaletea ukweli, na ukweli ulikuwa na shoka.

Jumapili mjomba alikuja, maana gari lile lilikuwa limepita Thika pia, na safari hii hakuketi nje. Aliingia chumbani, akaweka mfuko wake chini, akasema, "Fungeni nguo zao. Nawapeleka Thika."

"Wote, mama?"

"Wote watatu. Wewe baki na kazi yako. Kule kwangu hawajaandikishwa shule yoyote, kwa hiyo hakuna wa kuwatafuta."

Dada yangu alikuwa ameketi kitandani na slati yake. Alisema, "Mama, ni kuchanja. Si kuchinja."

"Maitu, kuchanja na kuchinja ni watoto wa tumbo moja. Wote wawili wanahitaji kisu."

Nilimwomba angoje. Nilimwambia watoto hawana ruhusa ya kusafiri, na askari wa njiani angewarudisha, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alikubali kwa shingo upande. Alisema angepata ruhusa na kurudi kuwachukua kabla ya Alhamisi, na akaondoka bila kumnyoa mtu.

Kesho yake, baada ya kupima kahawa yangu, nilikwenda shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa magharibi ya nchi, mrefu, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. Nilisimama mlangoni mwake na miguu yangu yenye udongo.

"Mwalimu, nimekuja kwa ajili ya chanjo. Mama anakataa."

Alinitazama. "Mama yako? Nilidhani mama yenu alifariki."

"Alifariki, mwalimu. Mama yuko Thika."

Akaweka kalamu chini. "Alifariki, na yuko Thika."

"Ndiyo, mwalimu. Ni fundi wa mawe."

Ilichukua muda kabla hatujaelewana, naye alipoelewa alicheka mpaka akavua miwani. Lakini alipoivaa tena uso wake ulikuwa umebadilika. Aliniambia amri imetoka juu: mtoto asiye na alama ya chanjo mkononi hataingia darasani, na asiyeingia darasani hatafanya mtihani. Hakukuwa na siku nyingine.

"Dada yako ni wa kwanza katika darasa lake," alisema. "Sijui kama anakwambia."

Hakuwa ameniambia. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara kama mtu aliyelewa. Nilifurahi, kisha nikaona ni kiasi gani kinachoweza kupotea, kisha nikafurahi tena.

Ningeweza kumficha mjomba. Ningempeleka dada yangu Alhamisi asubuhi, akachanjwa, na mjomba angekuta jambo limekwisha. Majirani wawili walinishauri hivyo. Nilikataa. Nilijua mjomba amefanyiwa hivyo mara nyingi mno maishani, kwamba anafika na kukuta jambo limekwisha. Ningeongeza moja tu juu ya hayo, na wala asingetuamini tena, na sisi hatukuwa na mtu mwingine duniani, iwe tambarare au mviringo.

Halafu nikakumbuka kitu ambacho kila Mkikuyu wa wakati ule alikijua, ila hakuna aliyekuwa amekihusisha na gari la kipaza sauti. Damu ya mtoto wa dada yako haimwagwi bila wewe kuombwa. Kabla masikio ya mtoto hayajatobolewa, kabla hajatahiriwa, mama, yule kaka wa maitu, huendewa na kuombwa kwa heshima, na huja akasimama hapo. Asipoombwa, jambo hilo ni la wizi. Mjomba alikuwa ameambiwa na kipaza sauti. Hakuna aliyemwendea.

Jumanne niliomba ruhusa, na karani akaniruhusu nipande lori la shamba lililokuwa likipeleka kahawa kukobolewa Thika. Niliketi juu ya magunia nikishika kibuyu cha uji na mkungu mdogo wa ndizi. Desturi ilitaka mbuzi, lakini mbuzi hatukuwa naye.

Mjomba nilimkuta kwenye machimbo, ameinama juu ya jiwe na patasi yake, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Wenzake waliniona kwanza.

"Fundi, umeletewa posa."

"Mzee kama huyu? Labda ameletewa maziko."

Mjomba aliinua kichwa, akaona kibuyu, na patasi ikatulia. Nilikiweka chini mbele yake, na ndizi kando yake, nikasimama na mikono mbele kama nilivyomwona maitu akisimama zamani kwa ajili ya masikio yangu.

"Mama," nilisema, "nimekuja kukuomba watoto wa dada yako. Kuna dawa ya ndui, na ili iingie ni lazima ngozi ikwaruzwe, na damu kidogo itatoka. Sitaki itoke bila wewe."

Watu wale waliacha kutania. Mjomba akauliza, "Na nikikataa?"

Hilo nilikuwa nimelifikiria njiani kote. "Ukikataa hawatachanjwa. Wataacha shule wote watatu, na maitu wako hatafanya mtihani, naye ni wa kwanza katika darasa lake. Sikuja kukuarifu. Nimekuja kuomba."

Sijawahi kusema jambo gumu kuliko hilo. Nilikuwa nimeichukua kazi yangu yote, asubuhi zote za umande, nikaziweka chini pale pamoja na uji. Na nilimaanisha. Angesema hapana, ningerudi na hapana.

Mjomba alikifungua kibuyu, akanywa, akampa mwenzake wa karibu, naye akanywa. Alipangusa ndevu.

"Waliokuja kupima shamba la baba yangu," alisema, "hawakuja na uji."

Kisha akarudi kwenye jiwe lake. Nilingoja, maana sikujua kama nimejibiwa. Bila kuinua kichwa akasema, "Alhamisi nitakuja na treni ya asubuhi. Nitamuuliza huyo mtu maswali. Asiponijibu vizuri, tutaondoka."

Alikuja amevaa koti lake la kanisani. Shuleni, wazazi wengi walikuwa wamesimama nje ya ua bila watoto wao, wakitaka kuona itakuwaje. Dresa, yule msaidizi wa daktari, alikuwa ameketi chini ya mti mkubwa na meza yake, amekasirika kwa sababu foleni ilikuwa fupi. Mjomba alikwenda moja kwa moja mbele, dada yangu akimfuata, kisha wavulana, kisha mimi.

"Wewe ni nani?" dresa aliuliza.

"Mimi ni mama wa hawa."

Dresa alitazama ndevu. "Leo nimeona."

Mwalimu mkuu, aliyekuwa kando, alisema haraka, "Ni mjomba wao. Kwao wanasema hivyo. Mjibu tu anachouliza."

Mjomba akauliza ile dawa imetoka wapi. Dresa akasema imetoka Nairobi. Mjomba akasema hakuuliza imepitia wapi, ameuliza imetoka wapi. Dresa akapumua, akatazama mwalimu, kisha akasema, "Kwa ndama. Ndama anaambukizwa ugonjwa mdogo unaofanana na ndui, na dawa inachukuliwa kwenye ngozi yake."

"Na huyo ndama, baada ya hapo?"

"Baada ya hapo?" Nilimwona dresa akifikiri kwa dhati. Angeweza kumfukuza, na hakufanya hivyo, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. "Nadhani huchinjwa."

Mjomba aligeuka polepole akawatazama watu waliokuwa uani. Alisema kwa Kikuyu, kwa sauti yake ya Jumapili, "Mmesikia. Kuchinja kuko, kama tulivyosema. Lakini aliyechinjwa ni ndama, na amechinjwa kwa ajili ya watoto."

Kwa mtu wa nje hayo yangekuwa mzaha. Kwetu yalikaa mahali pake. Mnyama akichinjwa kwa ajili ya mtoto, hilo si jambo la gari jekundu. Hilo ni jambo la nyumbani. Bibi yule wa kuchanja kuni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoka, na aliporudi alikuwa amewashika wajukuu wake mkono. Mpaka adhuhuri dresa alikuwa akiomba maji ya kunywa kwa uchovu.

Dada yangu alitoa mkono wake, akatazama sindano ikimkwaruza bila kupepesa macho. Mjomba alikuwa ameweka kiganja kichwani pake. Wavulana walilia, akawaambia wanamtia aibu ndama. Nami nilichanjwa. Dresa akamuuliza mjomba kama yeye naye yuko tayari.

"Hapana," alisema mjomba. "Mimi kaka za mama yangu wamekwisha kufa wote. Hakuna wa kuombwa kwa ajili yangu."

Mwalimu mkuu alinishukuru baadaye kwa kumwelimisha mjomba. Nilikubali shukrani, lakini sikuwa nimemwelimisha. Jioni hiyohiyo, akisubiri treni, alimwambia dada yangu kwamba dunia ni tambarare kama kawaida, na kwamba hata dresa hakukana. Alichokuwa amekubali hakikuhusu ndui. Alikuwa ameombwa, akauliza, akajibiwa na mtu aliyemtazama usoni. Nadhani watu wengi wanaoshikilia mambo ya ajabu wanangojea hilo tu, na wengi wao hawalipati, na kadiri wanavyochekwa ndivyo wanavyozidi kushikilia. Si wote. Wapo waliopenda tu kusikilizwa Jumapili, na mjomba naye alikuwa na kidogo ya hiyo. Mtu anayeamriwa wiki nzima hufurahi kujua jambo moja ambalo bwana wake halijui.

Dada yangu alifanya mtihani mwaka huo akapita. Shule ya darasa la tano ilikuwa Thika, na ilibidi akae kwa mjomba, katika chumba chake kimoja karibu na machimbo, pamoja na mke wake na pimamaji. Mimi sikuweza kumsindikiza, kwa kuwa msimu wa kahawa ulikuwa haujaisha na aliyekosa siku alipoteza safu yake. Kwa hiyo siku ya kufungua shule nilisimuliwa tu.

Mjomba alimbebea sanduku la vitabu kichwani kutoka nyumbani mpaka langoni, akakataa kumpa mtu mwingine. Njiani wenzake wa machimboni walimchokoza.

"Fundi, unampeleka mama yako kwa wale wa chungwa?"

"Nampeleka," alisema. "Kama kuna uongo huko, yeye atauona kabla yangu."

Langoni mwalimu aliuliza huyu msichana ni wa nani. Mjomba alitua sanduku, akasema ni mama yake mzazi, na kwamba wamfundishe kila kitu, hata yale ya mviringo.

Saa hiyo mimi nilikuwa katikati ya mibuni, nimejaza debe langu kabla ya wengine na kuanza jingine. Nyapara alinisimamisha akaniuliza kwa nini leo natembea kama mwenye shamba. Nilimwambia dada yangu ameingia darasa la tano, nikapita na kikapu changu.